Ndege Wanaotazama Kushoto

Kwenye mashine ya kusaga ya Lazaro, wanawake hawajawahi kunyamaza. Alfajiri wanakuja na mabeseni ya mahindi yaliyochemshwa na chokaa, wanapanga foleni mpaka nje, na midomo inakwenda mbio kuliko mkanda wa mashine: nani kaolewa, nani karudishwa kwao, katekista kapata wapi hela ya pikipiki. Lakini Jumatatu ile, wiki ya sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, walisimama kama watu waliomwagiwa maji ya baridi. Mashine inanguruma, donge la mahindi linatoka, midomo imefungwa. Macaria, mke wa Lazaro, yeye ndiye anayepokea mahindi na kukusanya donge, na moja kwa moja akajua kuna mtu kafa.

"Msiba uko wapi?" akauliza.

Kimya. Hata Hermelinda kimya, na huyu ni mwanamke ambaye padri humwomba apunguze sauti wakati wa kuungama.

"Hermelinda, nakuuliza wewe. Nani kafa?"

"Hajafa mtu." Hermelinda alikuwa anayatazama mahindi yake kama ndiyo kwanza anayaona. "Mama Odilia, ukuta wako umeuangalia?"

"Jana si tulikuwa wote pale? Mmekula maharage yangu mpaka sufuria ikalia."

"Umeuangalia, au ulikuwa unapika?"

Ni kweli, alikuwa anapika. Nailoni iliyofunika ukuta ilipovutwa, picha zikaonekana na watu wakapiga makofi, yeye alikuwa jikoni anageuza chapati za mahindi za wageni. Alipotoka, mvua ilikuwa inanyesha na giza limeshaingia.

"Nenda," akasema Hermelinda. "Donge nitakusanya mimi."

Kamati ya mtaa ndiyo iliyoleta wazo lile. Kila nyumba ya barabara ya sokoni itoe ukuta wake, na kila ukuta upewe kipande cha historia ya mji. Kuna ukuta uliopewa mababu, kuna uliopewa tetemeko. Ukuta wa Lazaro, mrefu kuliko zote, ule wa kwenye kona, ulipewa mwaka wa magunia, ule jeshi lilipoingia mjini. Waliochora ni vijana, na kiongozi wao ni Odilia, binti wa nyumba hiyohiyo, anayesomea ualimu mji wa pili na kurudi na basi la jioni.

Macaria akasimama katikati ya barabara. Jamani, yule mtoto alikuwa na mkono! Uwanja wa shule ulikuwa uleule, mpaka mti uliokatika tawi. Wanawake na watoto wamelazwa kifudifudi kwenye vumbi. Wanaume wamepangwa ukutani, mikono kichwani. Wanajeshi hawana sura, ni kofia tu. Na katikati yule mtu mwenye gunia kichwani, gunia lenye matundu mawili ya macho, kavaa koti la jeshi, kidole kimenyooka. Macaria akashusha macho kutoka kwenye kidole mpaka kiunoni. Mshipi mwekundu. Kwenye mshipi, ndege. Na ndege wote wanatazama kushoto.

Akaushika ukuta asianguke, na rangi ilikuwa haijakauka vizuri. Alipotoa mkono, kiganja kilikuwa chekundu.

Pale mjini San Bartolo mshipi siyo wa kushikia suruali tu. Kila mwanamke ana mkono wake wa kufuma, na mwanamke mwenzake anaujua, kama vile wewe unavyoijua sauti ya mtu kwenye simu kabla hajajitaja. Ndege wa wanawake wote wa mji ule wanatazama kulia. Wanaotazama kushoto ni wa mtu mmoja, Mama Tránsito, kwa sababu anafuma kwa mkono wa kushoto. Na Mama Tránsito hajawahi kuuza mshipi hata siku moja. Alikuwa anamfumia mwanamume mmoja tu, mumewe, Mzee Abundio. Ndiyo, Abundio yuleyule mkuu wa chama cha mtakatifu, mwenye fimbo ya fedha na pikapu za kubebea mboga. Mtu ambaye Macaria humpa shikamoo kila asubuhi.

*

"Umeutoa wapi?"

Odilia alikuwa anachana nywele, begi la chuo begani. "Nimetoa wapi nini?"

"Ule mshipi!"

"Si wa kwako mwenyewe, mama?" Akachukua simu, akasogeza picha kwa kidole, akampa. Macaria akaona mikono yake yeye, ikiwa juu ya nyuzi, na kipande chekundu kisichozidi shibiri moja. Akakumbuka. Wakati ule Odilia alikuwa anamganda kama kupe: mama, yule mtu wa gunia alikuwaje, alivaa nini, niambie tu nichore. Macaria hakumjibu kwa mdomo. Alikaa chini, akajifunga kamba ya kufumia kiunoni, na vidole vikajibu vyenyewe. Halafu akashtukia alichokifanya, akakifumua uzi kwa uzi.

"Nilikifumua," akasema. "Nilikifumua chote!"

"Ulikifumua, ila mimi nilikuwa nimeshapiga picha. Kilikuwa kizuri, mama." Odilia mwenyewe alikuwa kavaa blauzi ya dukani, maua yamepigwa chapa na mashine. Kusoma mikono ya wafumaji hakufundishwa. Macaria ndiye aliyesema mtoto asome vitabu, nyuzi zinaua macho. "Kwani ni wa nani?"

Macaria akaenda kufunga mlango. Akarudi, akamwambia sikioni. Kitana kikasimama katikati ya nywele.

"Mzee Abundio? Huyu aliyeninunulia soda siku ya kipaimara?"

"Punguza sauti!"

"Na babu..."

"Babu yako alinyooshewa kidole kile kile, wakaondoka naye, hakurudi. Nilikuwa na miaka tisa. Walitulaza chini, wakasema atakayeinua kichwa atakiona. Mimi nikainua macho tu, kidogo, na mtu aliyelala chini haoni nyuso. Anaona viuno." Macaria alikuwa anafuta kiganja kwenye sketi, rangi haitoki. "Alificha uso, akasahau kiuno. Walimpa gunia, wakampa koti, lakini suruali ishikwe na nini? Akaja na mshipi wa mkewe."

"Na miaka yote hii unampa shikamoo."

"Na kesho nitampa! Ulitaka niishije, Odilia? Niambie wewe uliyesoma, niishije?"

Odilia alikishusha kitana. Akakaa kitandani na begi lake, na kwa mara ya kwanza Macaria akamwona mwanawe anautazama mlango vile ambavyo yeye mwenyewe ameutazama maisha yake yote.

*

Jumanne foleni ilikuwa fupi. Jumatano hakuja mtu. Lazaro aliwasha mashine, akaizima, akaiwasha tena, labda watu hawajaisikia. Kutoka mlangoni Macaria aliwaona wanawake wa mtaa wake wanapita na mabeseni kichwani, wanateremka kwenda kusaga kule chini mtoni, mwendo mrefu na matope, na kila mmoja akifika usawa wa nyumba anakumbuka kitu cha kutazama upande wa pili.

Akaenda dukani kununua sabuni. Mwenye duka, mtu waliyecheza naye utotoni, hakumpa chenji mkononi. Aliiweka juu ya kaunta na kurudisha mkono haraka, kama pesa ile ina ugonjwa. Aliporudi nyumbani akamkuta binti wa mama mgawa mishumaa ya maandamano amesimama mlangoni, anachezea mkia wa shali.

"Mama anasema mshumaa wako wa Jumapili kapewa mtu mwingine. Anasema wewe pumzika tu."

"Nipumzike? Mimi nimechoka nini?"

"Sijui, mama. Nimetumwa."

Na jioni hiyo pikapu nyekundu ikaja kusimama ng'ambo, mbele ya ukuta. Hakushuka mtu. Injini ilikuwa inawaka, vioo vimefungwa. Lazaro akachungulia kwenye upenyo wa dirisha, akarudi, akakaa, akainuka tena kuchungulia. Chakula kikapoa. Ilipoondoka hatimaye, hakuna aliyesema "imeondoka." Walisikiliza tu mpaka sauti ikaisha, halafu wakaendelea kusikiliza.

Ijumaa asubuhi ikarudi, na safari hii akashuka Elmer, mtoto wa kwanza wa Mzee Abundio, mwanamume mpana, mwenye adabu, kofia mkononi. Begani alikuwa na mfuko wa chokaa.

"Habari za asubuhi, dada Macaria. Kaka Lazaro, habari za kazi."

"Nzuri, Elmer. Karibu," akasema Lazaro.

"Sikai. Mzee anawasalimu. Anasema huu ukuta wenu unaonekana unaingiza unyevu, na Jumapili mtakatifu anapita. Nyumba nyingine zimeshapigwa chokaa, si ndiyo desturi? Kawaletea mfuko mmoja. Zawadi."

Lazaro akaupokea mfuko kwa mikono miwili kama anapokea kichanga. "Ahsante. Mwambie mzee ahsante sana."

"Picha yenyewe nzuri, msinielewe vibaya. Hata mimi nimeipiga kwa simu. Ila wageni wanakuja, wataanza maswali ya mambo yaliyooza zamani. Kwa faida ya nani?" Elmer akatabasamu, akageuka kwenda, akasimama. "Odilia hajambo? Masomo yanakwendaje?"

"Hajambo," akasema Macaria.

"Anarudi na lile basi la mwisho, eti. Anashukia pale darajani. Taa ya pale imekufa, dada. Nimewaambia wa manispaa mpaka nimechoka. Mwambie awe anaangalia." Akavaa kofia. "Binti mnaye mmoja tu, au siyo?"

Akapanda gari, akawapungia mkono, akaondoka polepole ili asiwarushie matope. Adabu kabisa.

*

Lazaro hakungoja hata chai. Alikuwa uani anachanganya chokaa kwenye ndoo wakati Odilia alipomkuta.

"Baba, unafanya nini?"

"Si unaona?"

"Ukipaka, nitachora tena."

"Utachora ukiwa wapi? Kaburini?" Mti wa kukorogea ulimtoka mkononi, chokaa ikamrukia suruali. "Mimi nasaga mahindi, Odilia. Historia sisagi. Sikwenda shule, sijui siasa, nina mashine moja na mtoto mmoja, na sasa hivi mashine haina kazi!"

"Kamati ilisema..."

"Kamati! Mpigie mwenyekiti sasa hivi. Mpigie, nikusikie."

Odilia hakupiga. Alikuwa ameshapiga. Simu ya mwenyekiti ilizimwa tangu Jumatano, na mwenzake waliyechora naye ule mti wa shule alikuwa amemwandikia kwamba ameenda kwa bibi yake, atakaa huko huko, na tafadhali afute jina lake.

Macaria alikuwa amesimama katikati yao akiwa na taulo mkononi, hajui anataka kumfuta nani. Akasema kile alichokuwa anakizungusha kichwani tangu Jumatatu. "Tusipake. Tuwageuze ndege tu. Wakitazama kulia, mshipi unakuwa wa mtu yeyote. Ukuta utabaki, babu yako atabaki, kila kitu kitabaki."

"Na babu atakuwa kanyooshewa kidole na mtu yeyote?"

"Babu yako kafa," akasema Macaria. "Wewe una basi."

Hapo Odilia akalia. Hakulia kwa hasira, alilia kama mtoto, kamasi na yote, na alipomaliza akasema yeye hatawageuza, mkono wake hautafanya hivyo, wapende wasipende. Lakini jioni, alipoingia kulala, makopo ya rangi na brashi aliyaacha mlangoni, pale ambapo mtu yeyote angeyaona.

*

Jumamosi kulipoanza kupambazuka, kabla majogoo hawajamaliza, Macaria alikuwa ameinama mbele ya ukuta. Kila pikipiki inayokohoa mbali anasimama, anasikiliza, anainama tena. Alishamfuta ndege wa kwanza kwa rangi nyekundu na sasa alikuwa anajaribu kumtengeneza upya akitazama kulia. Kufuma angefuma hata macho yamefungwa. Kuchora, we acha tu.

"Huyo ni kuku."

Macaria nusura aangushe kopo. Nyuma yake alikuwa amesimama Mama Tránsito, mke wa Mzee Abundio, beseni la mahindi kichwani, shali limefungwa kidevuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasema huyo si ndege, ni kuku. Mashine inafanya kazi?"

"Sasa hivi... Lazaro anaiwasha sasa hivi. Mama, mimi nilikuwa tu..."

"Nimeona ulichokuwa."

Mama Tránsito akalitua beseni. Macho yake yamechoka kwa moshi na nyuzi, kwa hiyo alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta. Akaweka kidole kwenye ndege mmoja, akakisogeza kwa mwingine, taratibu, mdomo unacheza bila sauti. Macaria alitazama barabara, upande huu, upande ule.

"Hata mkia," akasema mama yule. "Hapa nilikosea uzi nikasema nani ataona. Na hapa mmelichora kosa langu."

"Mama, naomba twende ndani."

"Nilimfumia tukiwa wachumba. Mwaka ule wa magunia nilikuwa kitandani, nimetoka kumzaa Elmer. Abundio akarudi nyumbani, suruali kaifunga kwa kamba ya katani. Nikamwuliza mshipi uko wapi. Akaniambia mto umeuchukua alipokuwa anavuka." Kidole kikatoka kwenye mshipi, kikapanda, kikaenda kwa wanaume waliopangwa ukutani, kikasimama kwa mmoja mwenye kovu kwenye nyusi. "Huyu Ventura?"

"Ndiyo, mama. Odilia kamtoa kwenye picha ya kitambulisho."

"Kaka yangu. Nilikuwa namlilia huyu huku namfumia Abundio mshipi mwingine. Unanisikia, Macaria? Kitoto kiko kifuani, machozi yanadondokea kwenye nyuzi, na mimi nafuma. Wakasema aliyewaonyesha ni mtu wa mbali, wa mji mwingine."

"Kwa hiyo hukujua."

Mbali huko mtu alikuwa anajaribu fataki za sikukuu, na Macaria akaruka.

"Ulikuwa mwezi wa kiangazi," akasema mama yule mwishowe. "Mto ule haukuwa na maji."

Akanyoosha mkono. Mkono wa kushoto.

"Nipe brashi."

"Mama, tafadhali. Elmer alikuja hapa, alisema kuhusu basi, kuhusu Odilia..."

"Najua alichosema Elmer. Alikula kwangu, alisema huku anakula. Nipe brashi."

Macaria akampa. Angefanya nini? Mama Tránsito akamfuta yule kuku kwa pigo moja, akangoja kidogo, akachovya. Mkono ulikuwa unajua njia. Mdomo wa ndege ukatoka upande wa kushoto, ukafuata mgongo, ukafuata mkia, na kwenye mkia akaacha kosa lake lilelile palepale. Akarudisha brashi, akafuta vidole kwenye ukingo wa beseni.

"Wakikuuliza nani kachora hawa ndege, waambie mwenye ndege. Sasa nisagie mahindi. Na usinipe donge lenye mchanga kama la kule mtoni, nusura ling'oe meno."

Macaria akalibeba beseni kuingia ndani. Usifikiri alipata nafuu. Tangu Jumatatu alikuwa anamwogopea mtu mmoja; sasa walikuwa wawili.

*

Jumapili huwezi kujificha. Mtakatifu akipita, kila nyumba inafungua mlango na kutandaza majani ya msonobari mbele yake. Nyumba iliyofungwa ndiyo ingezungumzwa. Lazaro akatandaza majani, anayamwaga, anayasogeza, anayarudisha, mpaka Odilia akamshika mkono. Ndoo ya chokaa ilikuwa bado uani, imeganda na mti wake ndani.

Zumari likasikika kwanza, halafu ngoma. Fataki moja ikalia juu ya kona na Macaria akamvuta binti yake nyuma ya mlango bila kufikiri. "Mama, ni fataki," akasema Odilia. "Najua ni fataki," akasema Macaria, na hakumwachia.

Mtakatifu akatokea, anayumba juu ya machela, mabega ya wanaume chini yake, moshi wa ubani mbele. Mzee Abundio alitangulia na fimbo ya fedha, kofia kichwani, mgongo umenyooka kuliko wa vijana. Utaratibu wa mwaka huu ni huu: mtakatifu anasimama mbele ya kila ukuta uliochorwa, wanaume wanavua kofia, inasaliwa sala fupi, halafu mzee wa fimbo anagonga chini na safari inaendelea. Walikuwa wamesimama kwa mababu, wamesimama kwenye tetemeko. Wakafika kwenye kona.

Wabebaji wakasimama, kwa sababu miguu yao ilikuwa imeshazoea kusimama. Zumari likakatika. Na wanaume wote wa San Bartolo wakavua kofia na kuziweka kifuani.

Mzee Abundio naye akavua yake. Kwa mkono mmoja ameshika fimbo, kwa mkono wa pili kofia, na kofia ile haikwenda kifuani. Ilishuka. Ilitulia kiunoni, mbele ya mshipi, ukingo wake mpana umebanwa kwa vidole mpaka vimekuwa vyeupe.

Sidhani alijua amefanya hivyo. Lakini barabara nzima iliona. Kofia zote kifuani, moja kiunoni.

Kutoka kwenye mstari wa wanawake akajitoa Mama Tránsito na mshumaa wake. Hakumtazama mumewe, akapita mbele yake kama unavyompita mtu usiyemjua sokoni, akakanyaga majani ya Lazaro, akachuchumaa chini ya picha ya Ventura, akaudondoshea ukuta nta na kuusimamisha mshumaa. Elmer alikuwa chini ya machela, bega la mbele. Macaria alimwona anamtazama mama yake, halafu baba yake, halafu kofia. Alibaki anaitazama ile kofia, na kitu fulani kwenye uso wake kikalegea, kama mtu anayesikia jina lake linaitwa mahali asipotarajia.

Sala haikusaliwa. Watu walingoja fimbo. Mtoto akaanza kulia, akanyamazishwa. Mabega ya wabebaji yakaanza kutetemeka chini ya uzito, na bado fimbo haijagonga.

Ilipogonga, iligonga vibaya, kwenye majani, haikutoa hata sauti. Wabebaji wakaangaliana wasijue kama ile inahesabika. Halafu wakaondoka.

*

Jioni ile hakuja mtu. Hakuna pikapu, hakuna hodi, hakuna jiwe kwenye bati. Kwa Macaria hiyo ilikuwa mbaya kuliko yote, kwa sababu kitu kikichelewa unakaa nacho zaidi.

Jumatatu kulipopambazuka Odilia alikuwa amevaa, begi begani. Alikuwa na mtihani.

"Huendi," akasema Lazaro.

"Nikikosa leo, na kesho nitakosa, baba. Na keshokutwa."

Lazaro akamtazama mkewe amsaidie. Macaria alikuwa anavaa shali. "Nitampeleka mpaka darajani," akasema. Akafungua mlango.

Foleni ilikuwa imerudi. Wanawake wote, mabeseni kichwani, mpaka kwenye kona. Wa mbele alikuwa Hermelinda.

"Mnakwenda wapi?"

"Kwenye basi," akasema Macaria. "Lazaro yupo, atawasagia."

"Hata sisi tunaelekea huko."

"Kwenye basi? Na mahindi kichwani?"

"Daktari kaniambia nitembee. Sukari yangu inapanda." Hermelinda akageuka, beseni halikutikisika hata kidogo. "Haya, mama zangu, mguu mbele. Mtoto ana mtihani."

Wakateremka. Barabara ilikuwa na utelezi, na kwa muda ilisikika miguu tu. Macaria alikuwa amemshika Odilia kifundo cha mkono kwa nguvu kiasi kwamba mtoto akamwambia, mama, unaniumiza. Mama Tránsito alikuwa katikati ya kundi, kafungasha vitu vyake kwenye shali mgongoni, mzigo mdogo, na hakuna aliyemwuliza anahamia wapi.

"Hermelinda," Macaria akasema taratibu. "Wewe ulijuaje? Ule mshipi. Jumatatu uliuona na hapohapo ukajua ni wa siku ile."

Hermelinda akatembea kidogo kabla ya kujibu, na alipojibu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alishusha sauti.

"Wewe ulifikiri ni wewe peke yako uliyeinua macho?"

Hakuna aliyecheka, hakuna aliyekataa. Mabeseni yaliendelea kwenda mbele.

Darajani, chini ya taa iliyokufa, pikapu nyekundu ilikuwa imesimama. Injini inawaka. Nyuma ya kioo Elmer, mikono yote miwili juu ya usukani, hajanyoa ndevu. Macaria akahisi miguu inataka kurudi. Ikataka kweli. Lakini nyuma yake kulikuwa na beseni, na nyuma ya beseni lile beseni jingine, na pa kurudia hapakuwepo. Wakapita pembeni ya gari, karibu kabisa, sketi zikigusa mlango wake. Mama Tránsito akapita na hakugeuka. Kioo hakikushuka.

Basi likaja na taa zake za manjano. Odilia akapanda, akakaa dirishani, akaweka kiganja kwenye kioo, na likaondoka naye. Wanawake hawakutawanyika. Walibaki wamesimama pale darajani na mahindi yao, nyuso kwenye pikapu, mpaka injini ikazimika yenyewe au ikazimwa, haikujulikana.

Macaria alikuwa bado anaitazama barabara, basi lilikopotelea.

"Basi linarudi jioni," akasema.

"Tunajua linarudi saa ngapi," akasema Hermelinda.